Hotuba za Wafadhili Kabla Mkokoteni Haujaondoka

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimepata! Kuuza gemu ya kompyuta hapa Dandora ni kazi bure. Ukimuuzia mmoja, kufikia jioni mtaa mzima umeinakili kwa flashi. Basi siuzi. Nachangisha! Kila mchangaji atatokea ndani ya gemu niliyoitunga ya kusukuma mkokoteni, kwa jina na cheo chake. Ng'ang'a wa bucha ametoa elfu kumi, ila anataka rehani: gemu isipochezwa Jumamosi mbele ya watu, ukumbi wa kanisa, anachukua kompyuta. Nimekubali. Kompyuta ni ya dada yangu Triza. Anachapia watu barua nayo, na ndiyo inayotulisha. Hajui. Asijue!

Jumatano, 11 Juni
Mama Phelister, mwenyekiti wa chama cha akina mama, ametoa elfu tatu. Akauliza Ng'ang'a atatokea wapi. Nikasema mwanzoni, anasalimia wachezaji. Akafoka kwamba hawezi kutambuliwa baada ya muuza matumbo. Ng'ang'a akasikia, akaja na kisu mkononi. Alikuwa kazini, lakini bado! Nimewapa wote wawili hotuba ndani ya gemu, kabla mkokoteni haujaondoka. Mzee Obonyo, mstaafu wa reli, ametoa mia mbili. Naye anataka hotuba.

Ijumaa, 13 Juni
Wachangaji kumi na tisa, hotuba kumi na tisa. Nimeomba turuke hata mbili. Wamegoma. Eti shughuli gani huanza kabla wageni wa heshima hawajatoa neno? Triza kauliza mbona natetemeka. Nikasema malaria. Maskini, akaninunulia dawa. Nimemeza zote. Chungu!

Jumamosi, 14 Juni
Ukumbi ulijaa. Nikawasha. Ng'ang'a wa kwenye skrini akasalimia, makofi. Mama Phelister akataja wanachama wake wote, mmoja mmoja. Obonyo akaanzia mwaka 1971. Watoto wakaanza kuzomea. Mkokoteni umesimama tu! Zimebaki hotuba tatu. Mbili. Ya mwisho, pasta, akatuomba tufumbe macho. Tukafumba. Kufumbua, giza kwenye skrini. Tokeni za stima za kanisa, umeme wa kulipia kabla, zimeisha!

Nilipokuwa natafuta za kununua, Ng'ang'a alishachomoa nyaya, kompyuta kwapani. Nikamwambia hotuba yake ndiyo iliyotuchelewesha. Akasema yake ilikuwa fupi. Triza alikuwa mlangoni. Alilia tu. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Jumapili, 15 Juni
Triza hanisemeshi. Kuanzia kesho ataandikia watu barua kwa mkono, nusu bei. Nimemponza dada yangu, najua. Nimeapa sitarudia.

Baada ya ibada watoto wanne wamenifuata. Wanauliza kama mtu akilipa shilingi kumi anaweza kuruka hotuba ya Obonyo. Kuruka! Na ya Ng'ang'a? Wakasema hata ishirini. Ya pasta? Hamsini! Ala! Kumbe pesa haiko kwa wanaotaka kusema, iko kwa wasiotaka kusikia! Nahitaji kompyuta tu. Jirani Khalif anayo, na rehani anayotaka ni ndogo mno.

Triza anaoga. Simu yake iko mezani.