Malalamiko Kuhusu Atomu Iliyonivunjia Nyumba

Mkuu wa Maabara,

Shikamoo, na pole na kazi. Mimi ni fundi wa pampu, yule wa chumba cha chini. Naandika kulalamika, na pia kukiri, kwa sababu mke wangu ana siku kumi na moja hayupo nyumbani, na maabara yako inahusika.

1. Mtafiti tunayemwita Miwani alinieleza kazi yake bila tahadhari yoyote. Wanapoza gesi mpaka hakuna baridi ya kuongeza, halafu wanatia humo atomu moja ngeni. Zile nyingine zinavutwa kwake, zinaizunguka, nayo kila ikienda inaenda nazo. Ukiipima unaikuta nzito kuliko ilivyo. Nikamwambia, "Huyo ni mimi." Akacheka, lakini hakukanusha.

2. Naishi na mke, mama mkwe na mashemeji wawili. Nikitoka kununua kiberiti, mmoja anaagiza sabuni, mwingine anataka nimsindikize, narudi jua limezama. Miaka yote naitwa mzito. Kumbe ni sayansi, na hakuna ofisi iliyonijulisha.

3. Hapa ndipo nakiri. Niliwaomba wakwe zangu waondoke wiki mbili ili nipime uzito wangu halisi. Mama mkwe aliuliza kwa upole, "Ukishapima, baba, utatuita au tusome gazetini?" Mke wangu alikunja nguo zake akafuatana nao hadi nyumba ya zamani ya mama yake.

4. Matokeo yamekataa. Peke yangu nilipaswa kuwa mwepesi. Lakini kutoka kitandani hadi mlangoni natumia nusu saa, na nikifika mlangoni sina ninakokwenda.

Kwa hiyo naomba nadharia irekebishwe, Miwani aonywe, na mke wangu aandikiwe barua yenye muhuri kwamba kosa ni la atomu.

Nisalimie wote wa ghorofani, pamoja na mama wa mapokezi na mguu wake.

Mimi niliyekosa,
Fundi wa Pampu

Nyongeza: Nimemsomea mke wangu barua hii kwenye simu. Akasema, "Mimi nakufulia, mama anakupikia, wadogo zangu wanakuchotea maji. Hapo nani kamng'ang'ania nani?" Nimemuuliza Miwani, naye amerudi kupiga hesabu upya. Tafadhali futa malalamiko yote manne. Badala yake naomba ruhusa ya Jumatatu, na gari la maabara kama lipo. Wakwe zangu wamekataa kurudi, ila wamesema chumba cha nyuma cha huko kwao kiko wazi. Nahamia kwa mama mkwe.