Kuanguka kwa Ngome ya Panzi

Sogeeni, enyi mpendao habari za majeshi na ngome zilizoanguka, mketi na kunyamaza, maana anatajwa Mwalimu wa Hesabu wa darasa la tano, simba wa chaki, mbeba rula ya mbao, aliyeingia vitani asubuhi moja na kutoka na vumbi kwenye nyusi. Wako waliopigania nchi. Yeye alipigania kona.

Kona yenyewe ilikuwa upande wa kulia wa ubao. Muhula uliopita Mwalimu wa Sayansi, mama mwenye kishindo, alichora hapo panzi mkubwa, akamzungushia mstari, na juu yake akaandika neno moja: USIFUTE. Likizo ikaja, ikapita, panzi akabaki. Walimu wote walipofika mpakani walikunja sentensi zao na kurudi kushoto kwa adabu.

Lakini hesabu ya kugawanya kwa njia ndefu haikunjiki. Hushuka ikielekea kulia, na kila siku ilishuka hadi kwenye mguu wa nyuma wa panzi, ikafia hapo. Wiki iliyopita shujaa wetu aliuliza baki ni nini, na binti wa dawati la mbele, kwa uhakika wa mtu aliyeona kwa macho yake, akajibu kuwa baki ni mguu. Madaftari yalipokusanywa, darasa zima lilikuwa limechora mguu, wengine kwa rangi.

Na leo Mwalimu Mkuu angekuja kukaa nyuma ya darasa, amtazame akifundisha, kisha aamue kama anafaa kupewa darasa la saba au arudishwe kwa watoto wanaohesabu vijiti. Shujaa aliyajua hayo tangu alipokuwa akipiga pasi shati. Alijua pia kwamba angeweza kumwendea Mwalimu wa Sayansi na kumwomba tu. Alikwishamwendea mara nyingi, na kila mara alirudi ameazima kalamu nyekundu.

Basi akasimama mbele ya jeshi lake, akakohoa, akahutubia.

"Wanangu, ubao huu ni wa shule, si wa mdudu. Tumeonewa vya kutosha. Nani atashika dasta?"

Jeshi likatazama madawati. Kiranja, msichana mrefu asiyecheka na mtu, akainuka.

"Madam alisema asiguse mtu."

"Mimi si mtu. Mimi ni mwalimu wako."

Kiranja akaketi.

Akaichukua dasta mwenyewe, kile kipande cha godoro kuukuu, akasonga nacho mbele kama ngao. Akaanza na mguu, adui wake wa zamani. Mguu ukagoma, chaki ilikuwa imegandamana na ubao. Akaomba maji kwenye chupa ya mtoto, akalowesha, akashambulia tena, jasho likimtoka kwa kazi ambayo mama yeyote huifanya mezani huku anazungumza na jirani. Fumbatio likaanguka. Mabawa yakaanguka. Kilikuwa kimebaki kichwa, na neno lile la kutisha, mlango ulipofunguka akaingia Mwalimu Mkuu, na nyuma yake, akipita kwenda darasa la pili, Mwalimu wa Sayansi.

Shujaa akaficha dasta mgongoni. Maji yakamtiririkia surualini.

"Mdogo wangu," mama yule akasema, "huyo panzi bado yupo? Mada ile niliimaliza zamani. Nilidhani mnampenda."

Akaenda zake.

Ndipo kichwa kilipofutwa, kwa ushujaa mkubwa sana. Hesabu ikashuka kulia, ikavuka mpaka, ikatua kwenye baki sifuri, na Mwalimu Mkuu akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu, akatoka. Darasa la saba lilikuwa limepatikana.

Na ili vizazi vijue, mshindi akaizungushia hesabu yake mstari mnene, akaandika juu yake USIFUTE, akamkabidhi kiranja ulinzi. Kengele ikalia. Mwalimu wa Kiswahili akaingia, akapima kwa macho ubao uliobaki, akatafuta kipande cha chaki chenye ncha, akaanza kuandika herufi ndogo ndogo.