Kompyuta ya Kuungama

Jumatatu, 5 Oktoba 2009

Kompyuta imefika! Imeletwa kwa toroli kutoka shirika moja linalofunga ofisi yake. Bure kabisa. Ina mngurumo wa mashine ya kusaga na rangi ya meno yangu. Binti yangu Nyakuoth ameitazama, akauliza kama sasa tunapokea taka za mji mzima. Nikamjibu kwamba mzee anayekufa ana haki ya kuchezea kitu kimoja. Akaenda kuipangusa vumbi. Sentensi hiyo haijawahi kushindwa. Mwezi huu nimeitumia mara kumi na moja.

Lakini si uongo. Daktari amesema moyo umechoka. Miguu imevimba kama mihogo. Kwa hiyo naandika wazi hapa daftarini, kwa Kiswahili, lugha ambayo jirani yangu Aleer haisomi. Vita vilimpeleka yeye Khartoum. Mimi vilinipeleka Kitale, nikafundisha jiografia. Hivyo ndivyo siri yangu ilivyopata lugha yake.

Mwaka 1973 nilimla beberu wa Aleer.

Tulikuwa walimu pamoja, shule ya misheni, barabara ya Yei. Beberu alikuwa akinenepeshwa kwa ajili ya ziara ya askofu. Mimi na walimu wenzangu wawili tukamchoma nyuma ya ghala, tukasema ni fisi. Aleer akaamini. Kibaya zaidi, akaanza kusimulia jinsi alivyomkimbiza fisi huyo. Mwaka wa kwanza alimkimbiza hadi uani. Mwaka wa pili hadi mtoni. Leo, miaka thelathini na sita baadaye, amemnyang'anya mguu wa nyuma kwa mikono mitupu! Mtaa wetu mzima wa Hai Malakal, hapa Juba, unamwita Abu Marfain, Baba wa Fisi. Anaitika.

Wale wenzangu wawili wametangulia. Nimebaki mimi. Siwezi kusimama mbele za Mungu nikinuka mafuta ya beberu.

Mpango: barua isiyo na jina. Kwa mkono haiwezekani. Aleer alijaza daftari la mahudhurio pamoja nami miaka tisa, anaijua hata koma yangu. Mpiga chapa wa sokoni ataisoma, na kufika saa sita mchana Juba yote itajua. Ofisini kwa Nyakuoth? Heri nitangaze redioni. Ndiyo sababu ya kompyuta.

Kasoro moja tu. Ndani haina kitu. Shirika limefuta kila kilichokuwamo.


Jumanne, 6 Oktoba

Nimemwita Shem. Mkenya, anatunza kompyuta za hoteli moja, anakaa mtaa wa Atlabara. Nilimfundisha kaka yake Kitale, kwa hiyo hawezi kukataa. Amefika kwa boda na CD mfukoni. Akasema tutaweka programu ya kuiendesha iitwayo Linux, ni ya bure na haishikwi na virusi. Nikamwuliza ni bure ya kweli au bure ya mashirika, ile ya kujaza fomu. Ya kweli, akasema.

CD ya kwanza ina picha za rangi. Kimstari kwenye kioo kikaenda kulia, kikarudi kushoto, saa nzima. Shem akasema memori ni ndogo mno. "Mzee, hapa ni kama kumfunga punda trela." Akatoa CD nyingine, ya miaka minne iliyopita, isiyo na picha, maandishi matupu. Kikongwe kwa kikongwe. Nimeipenda. Mwenyewe akajibu maswali ya mwanzo, lugha na nchi, haraka haraka, akaniachia nitazame.

Asilimia kumi! Thelathini! Hamsini! Nikaanza kutunga barua kichwani. "Ndugu mpendwa, aliyekula beberu wako hakuwa na mkia." Mwanzo mzuri.

Asilimia sitini na mbili. Ikasimama.

Tukangoja. Nikanywa chai vikombe vitatu. Sitini na mbili. Shem akaenda kazini, akaniagiza nizime, niwashe, nianze upya. Nikaanza upya. Ikasimama arobaini na nane. Inarudi nyuma! Sijawahi kuwa na mwanafunzi wa namna hii, hata kidato cha kwanza.


Jumatano, 7 Oktoba

Nimeambiwa CD yenye mikwaruzo husuguliwa kwa dawa ya meno. Nimetumia ya Nyakuoth, ile yenye mistari myekundu. CD inanukia vizuri sana. Sitini na saba! Kisha ikasimama.

Nyakuoth amegundua dawa imekwisha. Nikatumia ile sentensi. Mara ya kumi na mbili. Akasema, "Baba, utakufa na meno masafi." Kwa mara ya kwanza nikaona inaanza kuchakaa.

Mchana nikatumia akili. Nikachora jedwali, kama enzi za kupima mvua: saa ya kusimama, na kinachotokea uani saa hiyo. Jibu likajitokeza lenyewe. Umeme wangu unatoka kwenye jenereta ya Aleer, kwa waya unaopita juu ya ukuta. Nachangia mafuta. Mkewe Natalina anachaji simu za watu kibandani mbele ya nyumba. Kila akichomeka simu nyingi kwa pamoja, taa yangu inafifia na kompyuta inaganda. Nikampigia Shem. Akasema ndiyo yenyewe, umeme unapwaya, mashine ya zamani haivumilii.

Kwa hiyo, ili nimwungamie Aleer, nahitaji jenereta ya Aleer. Yote. Asubuhi nzima.


Alhamisi, 8 Oktoba

Nimepata njia. Ni rahisi hata naona haya kuiandika. Nimesogea hadi ukutani kwa fimbo, nikamwambia Natalina kwamba siku zangu zimefika mwisho, nataka kuacha maneno yangu kwenye kompyuta, naomba kesho umeme uje kwangu peke yangu. Nilikohoa mara mbili tu. Si zaidi.

Natalina akaweka mikono kichwani. "Ya Ustaz! Kweli?" Hapa mwalimu ni Ustaz hata akistaafu. Nikaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuiona njia. Akakimbia ndani.

Kazi safi. Kesho saa nne nitakuwa na Linux, saa sita nitakuwa na barua, saa nane nitakuwa nimesamehewa bila kujulikana.


Ijumaa, 9 Oktoba

Saa moja asubuhi, turubai. Saa mbili, viti vya plastiki, hamsini kwa kuhesabu kupitia dirishani. Saa tatu wanawake wamewasha mkaa, chai imekolea, sukari inaletwa kwa mifuko. Watu wamekuja hata kutoka mtaa wa Mangateen. Nilisahau ninakoishi! Hapa mtu akisema anakufa, hawamngoji amalize.

Nyakuoth alirudi mbio kutoka kazini, viatu mkononi. Aliponiona nimeketi mbele ya kompyuta nikila mandazi, alisema maneno ya Nairobi ambayo siyaandiki.

Hata hivyo umeme ulikuwa mzuri! Natalina alikuwa amefunga kibanda. Sabini. Sabini na tano. Themanini na moja! Ndipo kwaya ikafika, na kinanda cha umeme na spika mbili za urefu wa mtoto wa darasa la tatu. Wakatafuta pa kuchomeka. Wakapata kwangu.

Kioo kikaganda. Nikapiga kelele. Wakadhani ndiyo roho inatoka. Wakaimba kwa nguvu zaidi.

Wakanibeba hadi kitandani. Pasta Chol akainama, akauliza kama kuna neno linaloulemea moyo wangu. Aleer alikuwa miguuni pangu, ameshika mguu wangu uliovimba, analia kama mtoto. Watu wakasogea kusikiliza. Hata kuku. Nafasi ilikuwa imeletwa hadi kitandani. Kufungua mdomo tu!

Nikafungua. Nikasema, "Zimeni kinanda."

Wamekwenda zao jioni. Wameacha kilo tisa za sukari.


Jumamosi, 10 Oktoba

Aleer amekuja alfajiri na rungu. Akasema, "Ustaz, kama ni umeme unaokuzuia kufa vizuri, leo utaupata." Akachomoa kila waya isipokuwa wangu, akaketi mlangoni. Wateja wa simu walipogombana naye, aliwakumbusha alichomfanyia fisi. Wakaondoka. Mimi nikainamia kibodi. Uso ulikuwa unaniwaka.

Themanini na moja. Tukashika pumzi. Themanini na mbili! Tisini! Mia! Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikaandika mistari mingi kwa furaha. Tukapeana mikono. Kisha ikauliza swali.

Kwa kuwa nchi yenu ni Sudan, saa yenu ni ya Khartoum. Ni sawa? Ndiyo, au hapana.

Nikamtafsiria Aleer. Akainuka. Akasema amelala Khartoum miaka kumi na sita bila kupenda, na hakuna sanduku litakalomrudisha. Nikabonyeza hapana. Ikaleta orodha. Nikaipitia mara tatu kwa miwani. Juba haimo! Wala Malakal, wala Wau. Miji ya visiwani yenye watu elfu moja imo. Sisi hatumo.

Tukaketi tumekunja mikono. Saa nzima. Mashine inatungoja, sisi tunaingoja. Nyakuoth akatoka jikoni akauliza imesimama tena? Nikasema safari hii haijasimama yenyewe, tumeisimamisha. Akasoma kioo. "Baba, ni saa ile ile! Khartoum saa tano, Nairobi saa tano!" Nikamwambia nilifundisha jambo hilo kabla hajazaliwa. Saa ni ile ile, mwenye saa siye.

Aleer akapendekeza Addis Ababa, kwa kuwa amani ya kwanza ilitiwa saini huko. Nikamkumbusha amani hiyo ilivyoishia. Mimi nikasema Nairobi, ilikotiwa saini hii ya sasa. Akafikiri. Akasema, "Sawa. Lakini ni kwa muda. Iandike hivyo." Hakuna mahali pa kuandika hivyo. Tukabonyeza kitufe pamoja, kidole changu na chake, kama maharusi wanaokata keki.

Linux imekaa! Nimelia kidogo. Aleer pia. Sababu zetu tofauti.


Jumapili, 11 Oktoba

Baada ya ibada nimeketi kuandika barua. Aleer akaketi kando yangu. Amependa kompyuta. Anataka kuona herufi zikitoka. Nikangoja aondoke. Haondoki! Akasema, kwa kuwa umeme ni wake na vidole ni vyangu, andiko la kwanza liwe kisa cha fisi, wajukuu wakisome.

Nimekichapa. Mimi, kwa vidole viwili. Fisi sasa ana jike lake. Wanakuja wawili, macho kama taa za lori. Ukurasa wa kwanza umejaa. Tulipofika kwenye mguu wa nyuma, mikono ikakataa. Yenyewe. Nikasikia mtu anasema hakukuwa na fisi, beberu nilimla mimi, nyuma ya ghala, na wale wawili, Mungu awarehemu. Alikuwa ni mimi.

Jenereta ikaendelea kunguruma.

Aleer akanigusa paji la uso. Kisha akasema niendelee kuchapa. "Andika: na Ustaz Wiyual, kwa sababu ya wivu, akasema hakukuwa na fisi."

Nikachapa! Nikahifadhi!

Miaka thelathini na sita ya dhambi, na mwenye haki hataki kupokea. Nitakufaje sasa?


Jumatatu, 12 Oktoba

Sikulala. Aleer amekuja asubuhi, bila rungu, akakaa kwenye kigoda. Tukazungumzia mvua. Tukazungumzia bei ya mafuta. Tukazungumzia kujiandikisha kupiga kura. Akaaga. Akafika mlangoni, akasimama, mgongo kwangu.

Akauliza, kwa sauti ya chini sana, kama alikuwa mnono.

Nikasema sana.

Na figo?

Nilikula mimi.

Chumvi mlipata wapi?

Ghala la misheni.

Akatikisa kichwa polepole, kama mkaguzi wa shule. Hata kipande hamkuniachia? Nikamwambia ukweli wote. Tulikuwekea mguu wa nyuma. Kisha tukaogopa, tukaufukia.

Akageuka. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani ni kilio. Kumbe ni kicheko! Akashika mlango asianguke. "Mguu wa nyuma!" akasema. "Kwa hiyo ni kweli. Kidogo tu niupate!" Nikacheka hadi Nyakuoth akaja mbio na vidonge. Akatukuta vizee viwili sakafuni, tunafuta machozi kwa pindo la shati moja.

Alipopata pumzi alisema kisa kibaki kama kilivyo, watoto wamekizoea. Nami nikubali kuitwa mwenye wivu hadi kaburini. Nikakubali. Akanishika bega. "Kalas, ya Ustaz. Beberu amekwisha."


Jumanne, 13 Oktoba

Nimelala kama gunia. Nimekula uji mabakuli mawili. Miguu imepungua, au macho yameharibika. Nimesamehewa! Na yote ni kazi ya Linux. Bila kompyuta nisingefika popote. Kuungama kwa mdomo ni hatari. Mtu anaweza kuropoka lolote.

Sasa imebaki sufuria. Hatukumchoma beberu wote. Supu yake tuliipikia katika sufuria ya Natalina, aliyokuwa amepewa siku ya harusi. Iliungua, tukaitupa kisimani. Hadi leo anaamini ilichukuliwa na wifi yake Akuac. Hawajasalimiana tangu mwaka ule.

Nikamwambie uso kwa uso? Hapana. Nimepata mpango bora zaidi. Barua isiyo na jina, iliyopigwa chapa, kwa herufi kubwa. Kinachokosekana ni printa, ambayo hata kwa barua ya Aleer sikuikumbuka. Lile shirika lina moja mbovu, wanaitoa bure. Shem ameonya kwamba ni ya zamani mno, Linux huenda isiitambue.

Nimemwambia ailete tu. Kwa asubuhi moja nitakuwa nimemaliza.