Ombi la Kuletewa Wageni Kila Siku Mpaka Machi

Nyumba Na. 7,
Mtaa wa Tan-y-Graig,
Wales Kaskazini.
4 Novemba

Kwa Mratibu,
Ushirika wa Nyumba Zenye Joto,
Ofisi za Halmashauri, Ghorofa ya Pili.

Ndugu Mratibu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIPIMO VYENU, NA OMBI LA KULETEWA WAGENI KILA SIKU MPAKA MACHI

Kichwa cha barua kiko hapo juu, nami niko hapa chini, jikoni, nimevaa koti. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mikono yako ina joto la kutosha kuifungua bahasha. Mimi na mume wangu Idwal hatujambo kiasi. Naitwa Eluned Pritchard, nina miaka sabini na minne. Nilikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa mjini kwa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo kama ulisoma hapa basi viazi vyangu umevila. Si desturi yangu kulalamika. Mara ya mwisho niliandika mwaka 1987, kuhusu mbwa, na mbwa mwenyewe alikufa kabla sijajibiwa.

Kwanza niwashukuru. Kampeni yenu tunaiona. Bango liko kituo cha basi, liko dukani, liko hata mlangoni pa kanisa: "Usitetemeke Kimya Kimya." Ni bango zuri. Yule mama aliyejifunika blanketi la bluu, macho yamemtoka kwa baridi, ni Beti Wyn wa nyumba namba tisa, jirani yangu wa ukuta mmoja. Blanketi ni langu. Sidai chochote kwa hilo, nalitaja tu ili kumbukumbu zenu zikae sawa.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Mnakuja wengi mno, na mnakuja kwa taarifa. Kipeperushi chenu kinasema taasisi saba zimeungana ili mwananchi asihangaike kwenda mlango huu na ule. Ni kweli, sihangaiki. Mnakuja ninyi. Tangu Septemba amekuja mtu wa halmashauri, wa zahanati, wa idara ya nyumba, wa zimamoto, wa chuo kikuu, wa umoja wa makanisa, na Bi Cerys wa shirika la ushauri wa nishati. Kila mmoja na kipimajoto chake na fomu yake, na kila mmoja ameniuliza mwaka niliozaliwa, utadhani nimeubadilisha tangu wiki iliyopita. Na wote hutanguliza simu au barua: tutafika Jumanne, saa nne asubuhi.

2. Mgeni akitoa taarifa, mwenyeji hujiandaa. Hilo nadhani linajulikana hata ghorofa ya pili. Hapa kwetu mgeni hapokelewi jikoni. Anapokelewa sebule ya mbele, ambayo marehemu mama yangu aliifungua kwa mchungaji, kwa daktari na kwa jeneza, nami nimeendelea hivyo hivyo. Sebule ile ina moto wa gesi. Siku za kawaida hatuuwashi. Tunakaa huku jikoni, mimi na koti, Idwal na koti na kofia, miguu juu ya chupa za maji moto. Lakini huwezi kumkalisha mgeni kwenye baridi akawa anatoa mvuke mdomoni kama ng'ombe. Kwa hiyo mtu wenu akisema anakuja saa nne, mimi moto nawasha saa moja. Naoka na bara brith, keki yetu ya zabibu. Saa nne mgeni anaingia, anavua koti, anasema pazuri hapa, anatoa kipimajoto. Nyuzi ishirini na moja. Anaandika. Anakula vipande viwili. Anaaga. Akishakata kona ya mtaa, nauzima.

Mmefanya hivyo mara saba, nami nimefanya hivyo mara saba. Barua yenu ilisema ni nadra taasisi zote za ushirika kukubaliana kwa kiwango hiki.

3. Kwa ushahidi huo mmetujulisha kwamba nyumba namba saba "inakidhi kiwango cha joto", hivyo kuta zetu hazitavishwa kinga ya baridi wala boila yetu, mtambo wa kupasha nyumba joto, haitabadilishwa. Boila yetu ilikufa miaka mitatu iliyopita. Hakuna aliyeomba kuiona, na mimi sikuona kuwa ni adabu kumpitisha mgeni jikoni ili nimwonyeshe kitu kilichokufa. Chumbani kwetu juu, ambako mgeni hapandi, ukuta wa upande wa mlimani umeota ukungu mweusi, na asubuhi dirisha limelowa kwa ndani. Nalifuta kwa taulo. Taulo halikauki.

4. Maswali ya Bi Cerys. Ni binti mpole, na simlaumu yeye, nawalaumu waliomfundisha. Aliponyoosha miguu mbele ya moto aliniuliza, "Bibi Pritchard, ndivyo mnavyokaa hivi kila siku?" Nilikuwa nimeshika birika. Mtu aliyeshika birika anaweza kujibu nini? Nikamwambia, "Kawaida tu, mwanangu. Sogeza kikombe."

Idwal naye, ambaye hupenda kunisaidia pale pale ambapo sihitaji msaada, akavua sweta mbele ya mgeni akasema, "Mimi kuna saa joto linanishinda kabisa." Bi Cerys akaandika na hilo. Alipoondoka nilimwuliza Idwal maneno yale kayatoa wapi. Akasema alitaka binti wa watu ajisikie amekaribishwa. Kisha akakohoa mpaka tukawasha taa za jioni.

Naomba swali la namna ile liondolewe kwenye fomu, au liulizwe barabarani.

5. (Hili lilipaswa kuwa la pili, nililisahau.) Beti Wyn. Nampenda Beti, tumezikiana wazazi, lakini haya hana. Watu wenu walipokwenda kwake aliwapokea mlangoni na koti, kofia na glovu. Hakuwapa hata maji. Sisemi kwamba alifungua madirisha tangu alfajiri. Nasema tu niliyaona yamefunguliwa. Ndani ya wiki sita akapata boila mpya, kuta zikavishwa, na bango juu yake. Sasa hivi, Novemba hii, yuko dirishani na blauzi ya mikono mifupi anamwagilia maua.

Nilikwenda kumweleza masikitiko yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Shoga, mtu wa vipimo wewe unampikia keki. Ukishampa mtu keki, ataandika umeshiba." Nikamwuliza kama alitaka nimwache mgeni atetemeke. "Mwache atetemeke," akasema. "Si ndiyo kazi aliyoajiriwa?"

6. Barua yenu ya tarehe 28 Oktoba. Ndugu Mratibu, hii nimeisoma mara nne. Mmeandika kwamba, kwa kuwa sebule yetu ndiyo yenye joto kuliko zote mlizopima mtaani, mnapenda kuisajili iwe Sebule ya Joto ya Jamii, ili wenye shida waje kukaa kila Jumatatu na Alhamisi. Mmeambatanisha na kibandiko cha dirishani. Mmeambatanisha pia orodha ya walengwa kutoka zahanati. Wa kwanza kwenye orodha ni Idwal Pritchard, kwa sababu ya kifua. Ameshauriwa kufika sebule ya joto iliyo karibu naye, yaani namba saba Tan-y-Graig, kwa miguu kama anaweza, na aje na kikombe chake.

Idwal alifurahi. Aliuliza kama akifika atapewa keki.

7. Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimezunguka sana. Idwal alichonga mawe ya mlima huu miaka ishirini na sita, na vumbi lake bado analo kifuani. Msimu wa baridi uliopita alilazwa mara mbili. Mara ya pili daktari aliniita pembeni, kwenye korido, akaniambia chumba anacholala mtu huyu kisiwe na baridi tena mwaka mwingine, na akanieleza kwa nini. Idwal sijamwambia alichosema. Naogopa, Ndugu Mratibu. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe sijawahi kukumiminia chai.

Katika wiki ya tatu ya Oktoba mlikuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki ile Idwal alikaa sebuleni siku tatu, na kifua kikatulia. Muuguzi alimsikiliza mgongoni, akauliza tumebadilisha dawa gani. Nikamjibu kwamba alikuja mtu wa zimamoto, akafuata wa chuo kikuu, akamalizia wa makanisa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: nimelisema neno hili maisha yangu yote nikidhani ni maneno ya mlangoni tu.

Kwa hiyo naomba rasmi. Taasisi ziko saba, siku za wiki ziko saba. Kila taasisi itoe mgeni mmoja, siku yake moja, akae kwetu kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, mpaka mwisho wa Machi. Hana haja ya kupima chochote. Akae tu. Mtu wa chuo kikuu nampendekeza Jumanne, maana zabibu hali, na Jumanne ni siku ambayo sipati muda wa kuoka. Wa makanisa asiletwe Jumapili, ataona kama yuko kazini.

Utaniuliza kwa nini nisimwashie Idwal moto bila mgeni. Nimeshajaribu. Anauzima. Anasema hatuwezi kuchoma gesi kwa ajili ya watu wawili waliozoeana. Na mita yetu ni ya kulipia kwanza, tukiwasha kila siku kadi inakauka kabla ya Jumatano. Lakini mbele ya mgeni hathubutu kuugusa. Na usihangaike kuuliza gesi ya wageni itatoka wapi. Mgeni hachangishwi. Kinanda cha marehemu mama bado kipo, na kuna mtu kule bondeni ameshakiulizia.

Kama wageni saba ni wengi kwa bajeti yenu, basi nina ombi la pili, la chini kabisa. Orodha ya nyumba zitakazotengenezwa majira haya inafungwa tarehe thelathini mwezi huu. Mtumeni mtu mmoja, siku yoyote, bila simu wala barua. Agonge akiwa ameshafika. Apite sebuleni bila kukaa, apande juu chumbani, apime pale kitandani, aitazame na boila. Nikimpa chai akatae. Nikimshikilia akatae tena. Hapo ndipo mtatuona tulivyo, na baada ya hapo sitakuwa na lalamiko.

Wasalimie wote hapo ofisini, na yule kijana wa idara ya nyumba aliyesahau mwavuli, uko salama nyuma ya mlango. Idwal anakusalimu. Beti Wyn anakusalimu pia, kutoka dirishani.

Ni mimi, nikikutakia majira mema ya baridi,

Eluned Pritchard (Bibi)

Tanbihi: Nilikuwa natafuta stempu mlango ukagongwa. Ni Bi Cerys. Hakupiga simu, hakuandika, amekuja tu, kama nilivyoomba hapo juu na wewe hata barua hujaisoma. Alisema anaomba dakika tano aione nyumba ilivyo kabla orodha haijafungwa. Sebuleni moto ulikuwa umezimwa, keki haikuwapo hata kipande, na Idwal alikuwa jikoni na kofia yake ile. Niliinama kwenye tundu la barua la mlangoni nikamwambia kwamba hatupo.

Kisha akapenyeza kitu cheupe kwenye tundu, kidogo kuliko sabuni, akasema, "Sawa, Bibi Pritchard. Basi mkirudi, hiki mkiweke chumbani kwenu juu. Kinapima joto na kujiandikia chenyewe wiki nzima. Hakili, hakinywi, msikihangaikie." Nikamshukuru kwa niaba ya wenye nyumba.

Nilikipandisha juu kama alivyosema, nikakiweka kando ya mto wa Idwal. Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Lakini nikakifikiria kule juu peke yake, kwenye ukungu ule, na ni kitu cha watu, na kwa vyovyote ni mgeni. Nimekishusha sebuleni na moto nimeuwasha. Idwal amekaa nacho, amevua koti, na hajakohoa tangu nilipoanza kuandika mistari hii.