Nilivyoshindwa Kunyamaza Mbele ya Mzee Lekishon

Jamani, leo nimejivua nguo mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma.

Mnajua nilivyohangaikia ule mkataba wa hoteli ya kitalii huku Ganako, wa kufundisha wasimamizi wao namna ya kuwanoa walio chini yao. Leo ilikuwa semina ya majaribio. Meneja, Bi Zaituni, aliniambia wazi: nikifanya vizuri kazi ni yangu mwaka mzima, nikivurunda tuagane kwa amani. Akavuta kiti, akakaa nyuma kabisa na daftari lake. (Daftari lile nitaliota.)

Nikasimama na bango kitita langu. Nikaandika kwa maka peni nyekundu: ULIZA, KISHA NYAMAZA. Hiyo ndiyo mbinu ninayoitegemea. Nikawaeleza kwamba msimamizi mzuri humuuliza mfanyakazi swali moja, halafu anafunga mdomo. Asimsaidie kujibu. Kimya kikizidi, mtu hushindwa kuvumilia, na hapo ndipo hutoa la moyoni.

"Anayevumilia kimya ndiye anayepata habari," nikasema, nikajiona nimesoma kweli kweli.

Kisha nikataka kuonyesha kwa mfano. Na kati ya wasimamizi wote sita, nikamchagua nani? Mzee Lekishon, mkuu wa walinzi. Huyu mzee amechunga ng'ombe kule Ngorongoro miaka na miaka kabla ya kuja kulinda hoteli. Mtu aliyezoea kushinda malishoni kutwa nzima bila kusema na mtu, mimi namtisha kwa kimya! (Akili zangu zilikuwa wapi?)

Tukakaa tukitazamana. Nikamuuliza ni jambo gani linalomsumbua zaidi kazini. Nikanyamaza.

Naye akanyamaza.

Dakika ya kwanza nikatabasamu. Ya pili shingo ikaanza kuniwasha. Mzee ametulia, mikono juu ya fimbo, ananitazama kwa upole tu. Paskalina, msimamizi wa usafi, akakohoa. Nje kuna mtu alikuwa anafagia majani, nikawa nahesabu kila anapovuta ufagio. Bi Zaituni akaangalia saa, akaandika kitu.

Nikaona nikiendelea hivi nitalia. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema kwa mfano mimi, kinachonisumbua ni hofu. Kwa nini sikuishia hapo, sijui. Mzee akatikisa kichwa taratibu kama anayenielewa, nami nikaendelea. Nikasema sijawahi kusimamia mtu hata mmoja maishani. Kwamba hata dada wa kazi nyumbani ndiye anayenipangia mimi cha kufanya. Kwamba somo lote nimelitoa kwenye simu jana, na kurasa za mwisho sikuzisoma kwa sababu bando liliisha.

Bando liliisha! Hayo nani aliniuliza?

Ndipo nikakumbuka nilipo. Nikamgeukia Mzee, nikamwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Mzee wangu, mbona hujibu?"

"Nilitaka kujibu, mwalimu," akasema polepole. "Lakini ulisema anayevumilia kimya ndiye anayepata habari. Nimevumilia. Nimepata."

Paskalina akalaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. Wengine hawakujisumbua hata kujificha. Bi Zaituni hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Alifunga daftari, akaja mbele, akanishukuru kwa adabu zote. Akasema mbinu imefanya kazi kuliko alivyotarajia, kwa hiyo kesho semina itaendelea. Itafundishwa na Mzee Lekishon. Mimi nikipenda naweza kuja kuhudhuria, chai ipo.

Nimeondoka bila kuaga. Bango kitita nimeliacha huko huko, na sirudi kulichukua.

Kwa hiyo nawaomba msinicheke. Anayetaka kunipigia simu kunipa pole apige, ila aongee. Akinyamaza tu, nitamweleza na yale niliyobakiza.