Ndugu Zangu Wanavuruga Mpango wa Kusoma Kidogo

Kalemie, Ijumaa

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa «Soma Kidogo, Fanya Mengi»,

Kwa heshima zote, na bila kula muda ambao wewe mwenyewe umenifundisha kuubana, nakuletea malalamiko. Mimi ni karani wa biro moja, yaani ofisi, hapa mjini. Tangu Pasaka nafuata mashauri yako ya kila asubuhi juu ya kupunguza mambo ya kusoma kwenye simu, na nimepunguza kweli. Ila familia yangu inahujumu kazi yetu. Naomba utoe amri, siyo ushauri, iwahusu wao.

La kwanza. Ulisema tujitoe katika makundi ya WhatsApp yasiyotusogeza mbele. Nikajitoa kwenye la kwaya, la mtaa, la wazazi wa shule, na mwishowe la familia, ambako shemeji yangu Evodie hutuma picha za maua na baraka kabla jogoo hajawika. Wakanuna wote. Maua yananisogeza wapi?

La pili. Ulisema kazi zinazofanana zifanywe kwa mkupuo. Nikapeleka matanga yote Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jirani yetu Papa Nicolas alifiwa na dada yake mwanzoni mwa mwezi, nami nikamwomba kwa adabu anitunzie huzuni yake. Nilipofika, turubai limekwisha kushushwa, yeye anacheka na wajukuu. Nikatoa pole kwa mtu anayecheka, Ndugu Mhariri, na mtaa mzima ukaona mimi ndiye sina akili.

La tatu, nalo ndilo linaloniuma. Mke wangu, Mama Carmel, hajui kufupisha. Bei ya samaki wa ndakala sokoni anaianzia kwa watu aliokutana nao njiani. Jumanne asubuhi alisimama mlangoni akitaka kusema kitu, katika saa yangu ya kimya. Nikainua mkono, kama ulivyofundisha. Akafuta macho, akatoka na binti yetu.

Hadi leo hawajarudi. Simu yangu nimeifungia namba zote isipokuwa za biro, kwa hiyo kama alipiga, hakufuata utaratibu. Nakula mkate mkavu. Nyumba ina kimya kile tulichokuwa tukikitafuta, wewe na mimi, na sijaweza kusoma hata mstari mmoja.

Basi tangaza kwamba mke wa msomaji wako haruhusiwi kuondoka bila kuacha muhtasari wa maandishi.

Nisalimie wenzako wote wa hapo, pamoja na wake zao kama bado wapo.

Wako katika ufupi,
Michée Numbi

N.B. Kabla ya kutuma nimemwuliza Evodie kama amewaona. Amenipa ujumbe ambao mke wangu aliuandika Jumanne katika kundi la familia: «Papa Carmel, baba yangu anagonjwa sana. Tunaenda Moba na boti ya asubui. Unifuate, naogopa miye peke.» Ndugu wote waliusoma. Mzee bado anapumua.

Barua hii usiichapishe, na uniondoe kwa wasomaji wako. Boti ya leo imejaa, nimepata nafasi juu ya magunia. Nimempigia mke wangu kumwambia nakuja. Alilia tu, nami nikaishika simu sikioni mpaka alipomaliza.