Mita Moja, Fremu Nne

Jumatatu, 7 Oktoba

Umeme umezimika saa nne asubuhi. Si Ifakara nzima, ni kwetu tu. Uniti zimeisha. Fremu zetu nne za biashara hapa Mlabani zinatumia mita moja ya LUKU, ya kulipia umeme kabla, na tunachanga sawa kwa sawa. Sawa kwa sawa! Zakayo fundi wa kuchomelea akiwasha mashine yake, taa zetu zote zinafifia. Anatoa sawasawa na mimi mwenye mashine moja ya kutoa kopi. Nimevumilia vya kutosha. Leo nimeitisha kikao.

Nimewaeleza kwamba haki ni kila mtu kuchanga kulingana na vifaa vyake. Neno "uwiano" nimelitumia hata pasipohitajika. Nilitegemea Zakayo apinge. Hakupinga. Wilhelmina wa saluni amesema kaka Amedeus kanena jambo la maana. Abdulkarim, fundi cherehani, ndiye mtunza fedha wetu, kwa kuwa ndiye pekee ambaye wote tunamwamini. Amesema keshokutwa atapita kila fremu kuhesabu vifaa. Kwa sasa tumenunua uniti chache za kusogeza siku.

Kikaoni sikutaja friza yangu. Iko nyuma ya pazia la duka langu, niliileta wenzangu wakiwa wameshafunga. Imejaa samaki, kambale na kitoga. Jumapili binti yangu Teddy anapokea Komunyo ya Kwanza, na wakwe wanateremka kutoka Mahenge. Mama mkwe hajawahi kusema neno jema juu yangu. Safari hii atakula samaki mpaka akose pa kuanzia kunisema.

Jumanne, 8 Oktoba

Hakuna uaminifu siku hizi. Nimemwona Zakayo akifunga grenda yake ya kukatia vyuma kwenye pikipiki na kuipeleka nyumbani. Saluni kwa Wilhelmina kulikuwa na draya mbili za kukaushia nywele, leo iko moja. Ya pili imefunikwa kanga pembeni, na mtoto wa mteja amekalishwa juu yake. Nimesikitika sana. Watu wazima, wanaficha vifaa.

Nilipomaliza kusikitika nikaenda kuficha friza.

Nimeizungushia maboksi ya karatasi. Ikawa friza yenye maboksi. Nimeibandika karatasi ya "KABATI LA NYARAKA". Ikanguruma. Ndipo nikakumbuka kuwa huu ni mwezi wa Rozari. Nimechukua kitambaa cheupe cha meza kutoka nyumbani, kile ambacho mke wangu Agnella amekipiga pasi kwa ajili ya Jumapili. Nimekitandika juu ya friza mpaka chini. Juu yake nimeweka sanamu ya Bikira Maria niliyoachiwa na shangazi, mishumaa miwili na maua ya plastiki. Nikarudi nyuma kuitazama. Mkono wenyewe ukafanya ishara ya msalaba.

Jumatano, 9 Oktoba

Ushindi. Abdulkarim amefungua pazia, akaona, akarudi nyuma haraka na kuniomba radhi. Alisema hakujua kama nina mahali pa ibada. Amehesabu taa, feni na mashine ya kopi. Mchango wangu umekuwa mdogo kuliko wa wote. Nimejinunulia soda.

Jioni Wilhelmina amekuja machozi yakimlengalenga. Abdulkarim alimsimulia. Wilhelmina ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, na amekiri kwamba siku zote alinidhania Mkristo wa harusi na misiba tu. Rozari ya kesho ilikuwa kwa mzee Valeriani, ila mzee anaumwa mgongo. Kwa hiyo jumuiya itasali dukani kwangu. Kesho mpaka Jumamosi. Nilitafuta sababu ya kukataa, sikupata yenye heshima.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wamejaa mpaka nje. Mota ya friza ikianza kazi inatetemesha kila kitu, na Bikira Maria akitetemeka hapa Mlabani kesho tutapokea mahujaji. Nilichomoa waya kabla hawajaingia. Nikasali kwa jasho. Wilhelmina ameniambia mbele ya wote kuwa hajawahi kuona mtu anasali kwa uchungu vile.

Walipoondoka nikachomeka. Ikanguruma vizuri. Nikafunga duka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimefika asubuhi, umeme hakuna. Uniti zimeisha tangu usiku.

Abdulkarim ametuita. Amesema kwa vifaa alivyohesabu, uniti tulizonunua juzi zingefika mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ama mita inaumwa, au kuna kitu kinakula umeme ambacho yeye hakukiona. Zakayo akatazama juu. Wilhelmina akatazama juu. Na mimi nikatazama juu, maana ningebaki peke yangu kutazama chini.

Hapo nikauona uzuri wa mpango wangu. Kila mmoja ameficha, kwa hiyo kila mmoja amechanga kidogo, kwa hiyo tumenunua umeme wa taa na feni tu. Na hakuna anayeweza kuongeza senti, maana kuongeza ni kujitangaza. Zakayo alisema yeye anaweza kukaa gizani hata wiki. Yeye hana samaki.

Nimezunguka nyuma ya jengo nikanunua uniti kimyakimya kwa simu. Umeme ukarudi. Wilhelmina akasema ni matunda ya Rozari. Zakayo akafurahi, akachomelea geti zima la gesti, kwa fedha yangu. Jioni zikaisha. Nikanunua tena kabla ya sala. Sasa mimi peke yangu nalipia fremu nne, mimi niliyeona sawa kwa sawa ni uonevu.

Sala imeenda salama. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nililala vizuri kwa kuwa sikukumbuka. Jana nilichomoa waya kabla ya sala, na sikuurudisha. Nimenunua umeme wa watu wote, friza yangu ikiwa nje ya umeme! Na joto hili la bonde.

Nimechomeka asubuhi nikijipa moyo kwamba harufu ikipozwa hurudi ilikotoka. Haikurudi. Saa kumi nikachomoa tena, nikafukiza ubani mwingi. Wilhelmina akanisifu kwa ubani.

Tulikuwa kwenye fumbo la tatu la Rozari Agnella alipoingia na beseni. Alikuja kuchukua samaki. Alipiga magoti, akasali nasi mpaka mwisho wa fumbo, maana amelelewa vizuri. Kisha akainuka, akawasalimu wazee shikamoo, akaichukua sanamu kwa mikono miwili na kumpa Wilhelmina amshikie. Akainua kitambaa. Akakitambua. Akanitazama. Akafungua mfuniko.

Rozari ikaishia hapo. Mzee Valeriani, aliyejikongoja kuja na mgongo wake, ndiye aliyetoka wa kwanza. Abdulkarim alikuwa amesimama mlangoni kwa heshima. Akauliza kwa upole kama altare hiyo inatumia umeme.

Agnella hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Aliuliza tu: "Baba Teddy, kesho mama yangu atakula nini?"

Nililia, na safari hii sikumdanganya mtu. Wilhelmina, sanamu mikononi, akasema na yeye ana draya chini ya kanga. Zakayo akasema grenda iko uvunguni kwake.

Jumapili, 13 Oktoba

Teddy amepokea. Gauni jeupe, mikono imekunjwa kifuani. Kwa muda ule nilisahau samaki.

Tuliporudi nyumbani Viwanja Sitini tulikuta uani moshi na masufuria. Jumuiya na watu wa fremu wamechanga, kila mmoja kiasi kilekile, bila kuuliza nani atakula sahani ngapi. Wali, maharage, kuku. Kuku wamechinjwa na Abdulkarim ili wote tule. Mama mkwe alikula akamaliza, kisha akaniambia hakujua kama nina watu. Nilimwongezea kuku.

Mita tumeirudisha kwenye sawa kwa sawa. Nimekubali kuliko wote.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, duka limefungwa. Nimekaa barazani nikitafakari wema wa watu.

Ila jambo moja linanisumbua. Jana Zakayo alikula sahani tatu. Alichanga sawasawa na Wilhelmina, aliyedonoa kipaja kimoja. Hii si haki. Krismasi jumuiya itachanga tena, na nimeshaanza kupanga hoja: kila mtu atoe kulingana na sahani zake. Abdulkarim atahesabu.

Mimi jana nilikula sahani moja tu mezani. Ile ya jikoni haihusiki, hakuna aliyeiona.